Udongo Mweupe wa Chini

Ukuta uliosiribwa asubuhi una harufu yake, na sijapata kuikuta mahali pengine. Ni harufu ya mavi mabichi ya ng'ombe yaliyokorogwa na jivu, ya udongo uliolala ndani ya maji usiku kucha, na ya moshi wa zamani ambao maji huuamsha ndani ya ukuta. Kila Desemba, shule zikishafungwa, harufu hiyo ilitanda kwenye mlima wetu wote karibu na Nyaramba, kuanzia nyumba za juu barabarani hadi za chini kwenye kijito. Wanawake walifunga leso viunoni, wakatoa vyombo nje, wakarushia kuta maji na kuanza kazi. Watu waliofanya kazi mbali walikuwa njiani kuja Krismasi, na hakuna aliyetaka wamkute na nyumba yenye nyufa, na michoro ya mwaka uliopita imelambwa na mvua. Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mdogo wangu Kemunto alikuwa na minane. Tulizaliwa wawili tu, na baba yetu alichuma chai huko Kericho, akija nyumbani mara mbili kwa mwaka.

Mama alikuwa na mkono wa kuchora. Sehemu ya chini ya ukuta, hadi usawa wa goti, aliipaka nyeusi. Juu yake alipitisha mstari mwekundu upana wa kiganja, na kutoka hapo hadi kwenye mapaa ya nyasi ilikuwa nyeupe tupu. Kuzunguka mlango na dirisha ndipo alipochora: majani, pembetatu zilizofuatana kama meno ya msumeno, na ndege mmoja mwenye mkia mrefu ambaye hakuna aliyejua ni wa aina gani. Nyeusi ilitoka kwenye betri za redio zilizokwisha. Tulizipasua, tukatoa kile kijiti cha ndani na kukisaga juu ya jiwe mpaka meno yetu yakawa meusi kwa vumbi. Nyekundu tuliichimba pale barabara ilipokata mlima. Nyeupe ilitoka kijitoni, na mama aliitia chembe mbili za bluu ya kufulia ili ing'are. Hakuwa na brashi. Alitwanga ncha ya kikonyo cha mkungu wa ndizi mpaka nyuzi zikatokeza, na mahali pembamba alitumia ukucha. Alipokuwa akichora hakuzungumza na sisi, nasi tulijua tusimwite hata kama maziwa yanafurika jikoni.

Ng'ambo ya uwanja, nyumba ikitazamana na yetu, aliishi Bosibori, mke wa ndugu mdogo wa baba. Kwetu mtu kama huyo tunamwita makomoke, yaani mama mdogo. Makomoke naye alikuwa na mkono, ila yeye alipenda kuwazungushia ndege wake maua makubwa, kila ua kama sinia. Alikuwa mnene, mwenye kicheko cha kusikika hadi kwa jirani wa tatu. Yeye na mama walitaniana tangu asubuhi hadi jioni.

"Mama Moraa, huyo ni ndege au ni kuku wa kuuzwa Nyaramba?"

"Ni ndege. Wa kwako ndio wameshindwa kuruka, umewatwika maua."

Halafu mmoja alikwenda kumshikia mwenzake ngazi. Hivyo ndivyo walivyokuwa. Makomoke ndiye aliyemsuka Kemunto nywele kila Jumamosi, na Kemunto alimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Ninalisema hilo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Udongo mweupe ulipatikana mahali pamoja tu, kwenye ukingo wa kijito, chini ya shamba la mtu aliyekuwa amehama. Ukingo ule ulikuwa umekatika wima. Juu kulikuwa na nyasi na mizizi, kisha udongo mwekundu wa kimo cha mtu mzima, na chini yake tabaka jeupe. Sheria ilikuwa moja na kila mtoto wa kike aliijua: unaanza juu. Unapanda, unaangusha udongo mwekundu, unausukuma kijitoni, ndipo unachota mweupe ulioachwa wazi. Hiyo ni kazi ya nusu siku kwa makarai mawili. Tena ina kasoro yake, maana mwekundu ukianguka unauchafua mweupe, na ukiingia hata kidogo kwenye ndoo, ukuta mzima hukauka ukiwa na rangi ya ufizi. Weupe kamili ulikuwa ndani, mahali ambapo mwekundu haujaufikia. Kuupata huo ilibidi uingize mkono chini ya ukingo, kisha kichwa, kisha mabega. Kila mwaka wanawake walikataza jambo hilo, na kila mwaka palionekana matundu yenye ukubwa wa mtoto.

Udongo niliouleta kwanza mwaka ule ulikuwa mchafu. Niliuchota kwa haraka kwa sababu nilitaka kwenda kucheza. Mama aliupaka ukuta wa mbele akidhani utakauka vizuri, lakini jua lilipoushika ukawa na wekundu wa mbali. Makomoke alipita akielekea shambani, akasimama, akashika kiuno.

"Mama Moraa, ukuta wako unaona haya. Nani ameuchungulia ukioga?"

Mama alicheka naye. Makomoke alipokwisha kwenda, kicheko kikakatika. Akaniita karibu, akanionyesha ukuta kwa kidole, akasema kwa sauti ya chini, "Uvivu wako ndio huo ukutani. Kila atakayepita kwenda kanisani atausoma." Kisha akaniambia nirudi kijitoni nilete mwingine, na maneno yake nayakumbuka yote. "Anza juu. Ondoa mwekundu wote hata ikiwa ni kazi ya siku nzima. Kemunto asichimbe. Akae mbali akungojee na karai."

Siku ya kwanza nilianza juu. Nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge na bado mweupe haukuonekana. Kulikuwa na tundu dogo pale chini, la zamani, na Kemunto alikuwa mwembamba. Nilimpa kopo, nikamwambia aingie akwangue kidogo tu, nami nipokee nje. Udongo aliotoa ulikuwa mweupe kama unga wa dukani. Tuliporudi nyumbani mama aliusugua kati ya vidole, akautazama kwenye mwanga, kisha akanitazama mimi. "Sasa umekuwa mkubwa," alisema. Hakuwa mtu wa kusifu. Usiku ule nililala nikiyarudia maneno hayo, na kulipokucha nilitaka kuyasikia tena. Siku ya pili tulifanya vilevile. Tundu lilizidi kuwa pana, na Kemunto sasa aliingia hadi kiunoni.

Siku ya tatu tulimkuta Makomoke kijitoni. Alikuwa upande ule mwingine wa ukingo, hatua kama thelathini kutoka kwetu, akiwa amepanda juu na jembe, akiangusha udongo mwekundu jinsi inavyotakiwa. Alitusalimia, akajaza debe lake, akaenda zake kukata majani ya ng'ombe shambani kwake pale juu. Ndipo nilipomwambia Kemunto aingie. Aliingia, akatoa makopo mawili, kisha akarudi nyuma akakaa juu ya nyasi.

"Moraa, kunanidondokea shingoni."

"Ni vumbi."

"Si vumbi. Ni kama mawe madogo. Naogopa."

Nilimwambia kwamba asipoingia nitamwambia mama kuwa yeye ndiye aliyeleta ule udongo mchafu wa kwanza. Alijua nasema uongo, lakini pia alijua kwamba mama angeniamini mimi, mkubwa. Akanitazama, akachukua kopo, akaingia. Sikusikia kishindo. Ilikuwa sauti ya gunia la viazi mtu anapolitua chini. Nilipogeuka, ukingo ulikuwa umekaa mahali alipokuwa Kemunto, na nyayo zake mbili zilikuwa nje. Nilizivuta. Nilizivuta kwa nguvu zangu zote, kisha nikaogopa kwamba namuumiza, nikaacha, nikaanza kulia na kuita.

Makomoke ndiye aliyefika kwanza. Aliteremka ule mteremko akianguka na kuinuka, akapiga magoti, akachimba kwa mikono mitupu kwa sababu jembe lingeweza kumkata mtoto. Alichimba mpaka kucha mbili zikang'oka, nami nikaziona. Wanaume walikuja baadaye na majembe, wakaangusha ukingo wote uliobaki, kila upande, ili usimwangukie mtu mwingine. Walipomtoa Kemunto alikuwa mweupe mwili mzima, nywele, kope, hata ndani ya mdomo. Makomoke alimpangusa uso kwa leso yake akimwita jina.

Mama alifika akiwa na mikono myeusi kwa unga wa betri. Hakupiga kelele. Alimtazama Kemunto, kisha akaniuliza swali moja tu: "Nani alichimba chini?"

Makomoke alikuwa bado amepiga magoti pale, udongo mweupe umempanda hadi viwikoni. Niliitazama ile mikono yake. Nikasema, "Tulikuta shimo. Makomoke alikuwa hapa asubuhi. Kemunto aliingia nikienda kuchota maji." Nilisema mambo matatu. La pili lilikuwa kweli, nalo ndilo lililoyabeba yale mengine mawili.

Makomoke aligeuka taratibu. "Mimi nilianza juu," alisema. "Pale mwisho. Nendeni mkaangalie." Lakini hapakuwa na pa kuangalia. Wanaume walikuwa wameangusha kila kitu, na mahali alipochimba yeye na mahali tulipochimba sisi palikuwa rundo moja la udongo mwekundu.

Siku ya mazishi ukuta wetu ulikuwa haujakamilika. Sehemu nyeupe ilikuwa tayari, mstari mwekundu ulikuwa tayari, ila chini, ile nyeusi ilikuwa imefika nusu tu. Waombolezaji wangeketi wakiutazama ukuta huo. Makomoke alikuja asubuhi mapema, vidole vyake vimefungwa vitambaa, amebeba kopo la nyeusi aliyoisaga mwenyewe. Alipiga magoti akaanza kupaka pale mama alipoachia, akifuata mstari wa mama na si wake. Mama alitoka ndani, akamnyang'anya kopo, akalimwaga uwanjani. "Mikono hiyo isiguse nyumba yangu," alisema. Watu wote walisikia. Makomoke aliinuka, akapangusa magoti, akaenda kuketi nyuma kabisa na watu wa mbali, yeye aliyemsuka mtoto huyo nywele juma lililotangulia. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa na mdomo na pumzi, na sikusema kitu. Kabla likizo yake ya msiba haijaisha, baba alipanda miti katikati ya uwanja, mstari mmoja ulionyooka, na ilipokua hatukuona tena maua yale makubwa.

Mwezi wa Januari nilimkuta Makomoke kijitoni nilipokwenda kuteka maji. Tulikuwa wawili tu. Alinisogelea, akainama ili macho yake yalingane na yangu.

"Moraa, mama, sikuulizi kwa ubaya. Nilianza juu au sikuanza juu?"

"Sijui, makomoke."

Aliinuka. "Haya," alisema. "Teka maji." Akanipisha niteke kwanza, ingawa alikuwa amefika kabla yangu.

Nadhani alijua tangu siku hiyo. Hakuniuliza tena, na hakunisema kwa mtu yeyote ninayemfahamu. Lakini wengine walimsema yeye. Wanawake waliacha kumwazima ngazi. Kanisani, kukiwa na shughuli, hawakumwita kupika. Mtoto akipotea nusu saa tu, kulikuwa na mtu wa kusema kwa mzaha, "Mmetazama kwa yule wa mashimo?" Bintiye, Kwamboka, alikuwa darasa moja nami. Shuleni walimwita mtoto wa shimo, naye alipigana na waliomwita hivyo mpaka akapasuka mdomo. Niliwahi kumshikia vitabu akipigana. Niliona kwamba huo ni wema.

Nilisoma hadi darasa la nane, nikakaa nyumbani miaka michache, kisha nikaolewa Nyansiongo, kwenye mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe wangu wamezaa, nami nimezaa watoto wanne. Mtu akiniuliza kwa nini sikusema miaka yote hiyo, nitajibu nilivyojijibu mwenyewe. Mwanzoni niliogopa kupigwa. Baadaye niliogopa kwamba mama, aliyebakiwa na mtoto mmoja, angebaki bila hata mmoja. Hizo ni sababu ambazo mtu anaweza kuzisema bila kuinamisha kichwa. Iliyofuata ni kwamba nilizoea. Nilikwenda nyumbani kila Desemba, nikamsalimu Makomoke kwa mbali, nikapokea mkono wake wenye vidole viwili visivyo na kucha nzuri, nikanywa chai kwa mama. Mambo yalikuwa yamekaa, na aliyeumia hakuwa mimi.

Mwaka huu, mwezi wa Agosti, Makomoke alifariki baada ya kuugua sukari kwa muda mrefu. Nilifika nyumbani siku mbili kabla ya mazishi. Ng'ambo ya miti walikuwa wakisimamisha mahema. Mama alikuwa ameketi kwenye baraza la nyumba yake ya matofali akipepeta maharagwe, na nilipomuuliza kama ameshakwenda kuwapa pole, alisema bila kuinua kichwa, "Siendi kumlilia aliyeniua mtoto." Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nikaketi sakafuni karibu na miguu yake, nikamweleza. Nilianza na ile siku ya kwanza, kopo na lile tundu, nikaendelea hadi lile jibu nililolitoa kijitoni. Aliendelea kuchagua maharagwe. Nilipomaliza, akauliza, "Alisema anaogopa?"

"Ndiyo. Alisema kunamdondokea shingoni."

"Nawe ukasema nini?"

"Nilimwambia aingie."

Aliweka ungo chini. Miguu yake haina nguvu siku hizi, hawezi kutembea bila kushikwa. Alitazama kule kwenye mahema. "Niitie Kwamboka anishike mkono."

"Nitakushika, mama."

"Nimesema Kwamboka."

Kwamboka alikuja, mama mtu mzima sasa, macho yamevimba kwa kulia. Alishangaa kuitwa lakini alimpa mama mkono. Walivuka ile miti pamoja, polepole, nami nikifuata nyuma. Mama alifika mlangoni pa nyumba ya Makomoke, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu Desemba ile, akaketi chini na kunyoosha miguu kama wanawake wengine. Kisha akamwambia Kwamboka, "Dada yako ana neno." Nikalisema mara ya pili. Kwamboka alinisikiliza hadi mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa kofi, na nilikuwa nimejiandaa kusamehewa, kwa sababu watu husema neno hilo kwa urahisi msibani.

"Ungekuja Julai," alisema. "Julai alikuwa bado anasikia."

Kisha akanionyesha masufuria yaliyokuwa nyuma ya jiko, yakisubiri kuoshwa, nami nikaenda nikayaosha.

Siku ya mazishi niliomba nipewe nafasi ya kusema. Mwongoza shughuli alinipa kipaza sauti akinikumbusha kwamba muda ni mfupi. Nilisema jina langu, nikasema kilichotokea kijitoni na aliyesababisha, nikasema kwamba Bosibori alianza juu na kwamba mimi ndiye niliyedanganya. Nilitazama chini ya mahema. Wanawake waliomkatalia ngazi wamekwisha kuzikwa karibu wote. Bibi mmoja mzee alifunika mdomo kwa leso. Vijana walinitazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama shangazi anayelia, lakini hawakuelewa kuanza juu ni kuanza wapi. Hawajawahi kuchimba udongo mweupe. Ukingo wenyewe hauonekani tena, umepandwa migomba. Nyumba zao ni za matofali na mabati, rangi inatoka dukani ndani ya mkebe, na fundi huipaka kwa siku moja, laini, sawa na ya jirani. Nililirudisha jina lake kwa watu ambao hawakuwa wamelichukua.

Sisemi kwamba wakati ule ulikuwa bora. Tulichora kuta zetu vizuri kuliko zinavyopakwa sasa, na kwa ajili ya uzuri huo tulimpeleka mtoto chini ya ukingo. Leo hakuna mtoto wa Nyaramba atakayekufa akitafuta weupe wa ukuta, na ni vyema hivyo. Lakini zamani hizo mama alikuwa na mtu wa ng'ambo ya uwanja, mmoja tu, aliyeweza kumchekesha katikati ya kazi, nami nilimwondolea mtu huyo kwa maneno yasiyojaza hata mstari mmoja wa daftari. Mama akaishi miaka yote hiyo akizeeka hatua arobaini kutoka kwa Makomoke, kila mmoja akitazama upande wake wa miti.

Mama bado yuko. Ninampigia simu kila Jumapili alasiri. Kwamboka ndiye anayemshikia simu sikioni, kwa sababu sasa ndiye anayemtunza. Mama ananiuliza kama ng'ombe wanakamuliwa vizuri, nami namjibu. Ananiuliza kama mvua imenyesha Nyansiongo, nami namjibu. Halafu namsikia akimwambia Kwamboka, si mimi, "Haya, inatosha," na simu inakatwa.